Vyuma Vinane vya Issuna

Kabla sijaeleza nilivyomtenda yule mzee wa Issuna, nieleze kwanza nilivyojitenda mwenyewe, kwa kuwa hilo ni dogo na linaisha haraka.

Mimi nauza vifaa vikuukuu Singida Mjini: spana, jeki, minyororo, mizani ambazo hazijawahi kukubaliana. Baba yangu ni Mnyaturu, mama wa Tanga. Kwa baba nilirithi shingo ngumu, kwa mama nikarithi ulimi, na ulimi ndio uliojenga nyumba yangu ya Mandewa, ambayo matofali yake niliyahesabu mara mbili. Katika ukoo wetu hakuna anayenunua kitu bila kukisema vibaya kwanza. Ukienda kununua kitanda unaanza kwa kumpa pole mwenye kitanda. Unamuuliza marehemu aliyekilalia alizikwa lini. Yeye ataapa kwamba kitanda hakijalaliwa na mtu, wewe utacheka, atashuka kidogo, utapanda kidogo, mtamaliza kwa chai. Hiyo ndiyo kuponda mali. Haimuumizi mtu, maana wote wawili mnajua kwamba kinachosemwa sicho kinachofikiriwa. Kadiri unavyokitaka kitu ndivyo unavyokitukana. Siku ya kuniposea mke wangu wa kwanza, shangazi alitazama kona ya dari akasema msichana ana macho ya usingizi. Tukajua hapo hapo kwamba shangazi amempenda.

Mchezo wa gofu nililetewa dukani na injinia mmoja wa barabara. Alikuja kutafuta oili chafu, ile inayomwagwa kwenye injini, na nilipomuuliza ya nini akasema ya kuchanganya na mchanga. Nikamuuzia mapipa mawili kabla akili hazijamrudia. Kumbe yeye na wenzake watatu walikuwa wamechimba mashimo sita kwenye uwanda mweupe nyuma ya ziwa, mahali ambapo kiangazi ardhi inakauka hata mbuzi hapiti bila sababu. Nyasi hakuna. Kuzunguka kila shimo walitandaza ule mchanga wenye oili ili upepo usiupeperushe, wakaweka na kipande cha zulia cha kuulainisha. Nilipopeleka mapipa, injinia akanipa fimbo nijaribu, wapate kucheka. Nikapiga. Mpira ukapaa, ukanyooka, ukatua mbali kuliko wa kwake. Hakucheka mtu. Tangu siku hiyo sijapona.

Shida ilikuwa fimbo. Injinia aliniazima zake za zamani kwa sharti moja, kwamba nibebe na mfuko wake. Nikawa mtu mzima mwenye duka na wake zake wawili wa kumwita bwana, ninatembea nyuma ya mtu nimebeba mzigo wake kwenye jua. Nikikosea kupiga alikuwa anasema, kwa upole kabisa, nisiilaumu fimbo kwa sababu si yangu. Nikiipatia alisema hivyo hivyo.

Nikaamua kununua seti yangu ya vyuma. Vyuma ndivyo zile fimbo zenye kichwa bapa, namba tatu hadi tisa, na moja ya kuchotea mpira ukiwa karibu na shimo. Jumla nane. Injinia alinifundisha kuchagua, lazima niseme haki: tazama uso wa chuma, mifereji yake iwe haijalika, lenga mpini kwa jicho moja kama unavyolenga mbao, shika mshiko uone kama mpira wake unateleza kama kioo. Akasema kuna vyuma vyenye mgongo mnene uliochimbwa kama bakuli, hivyo vinamsamehe asiyejua, na kuna vyembamba vilivyofuliwa kwa nyundo, havimsamehe mtu. Akanishauri ninunue vinavyosamehe. Nikaona ananitukana.

Nilichagua seti ya kwanza kwenye simu, kwa picha. Ikaja kwa basi kutoka Dar, imefungwa kwenye kiroba. Nikahesabu vyuma vinane. Nikahesabu tena: vinane, lakini namba saba zilikuwa mbili na namba nane haikuwepo. Kichwa cha namba tano kilitoka siku ya pili, kikaenda mbali kuliko mpira. Hilo ndilo kosa langu la mwanzo. Nililipa mwenyewe, nikanyamaza mwenyewe.

Wiki chache baadaye, dereva wa bodaboda anayenunua kwangu spoku alinisikia nikilalamika, akaniambia kijijini kwao Issuna kuna mzee ana fimbo za namna hiyo. Kila Jumamosi anazitoa, anazifuta kwa mafuta ya alizeti, anazianika kwenye jamvi kama mihogo. Wajukuu wa majirani wamekatazwa kuzigusa. Watoto wanaamini ni uganga.

Nikaenda Jumatano. Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi, nusu imeezekwa kwa bati, nusu bado kwa udongo. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, amepinda bega la kushoto. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikamwamkia na mkewe, tukaulizana habari za mvua mpaka zikaisha. Mkewe akaleta uji wa uwele. Hapo ndipo mzee akanieleza kitu ambacho nilipaswa kukisikiliza kama mtu, nikakisikiliza kama mnunuzi.

Alikuwa amebeba mfuko wa gofu wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa huko kaskazini kwa miaka kumi na minane. Lile bega lilipindwa na mkanda wa mfuko. Mzungu alipouza shamba arudi kwao, wafanyakazi wengine walipewa kiinua mgongo cha pesa. Yeye aliitwa pembeni, akapewa vyuma vinane. Akaambiwa kwamba pesa ingeisha, hivi havitaisha, na kwamba thamani yake inazidi ya wenzake wote. Akamwamini. Akarudi Issuna na fimbo begani, wenzake wakarudi na mabati. Mara tatu mkewe alimwomba aziuze, kwa ada ya shule, kwa ugonjwa, kwa paa. Mara tatu alikataa, akisema siku yake haijafika. Kila Jumapili kanisani alimtaja yule bwana kwenye sala zake.

“Sasa nimezeeka,” akaniambia. “Bei sina. Wewe unavijua, mimi najua kuvibeba tu. Nitazamie, uniambie. Sitaki kufa sijajua nililipwa nini.”

Akaingia ndani, akatoka na gunia, akavipanga juu ya jamvi kwa namba.

Nimekaa na vyuma maisha yangu yote. Najua chuma kilichomiminwa na chuma kilichofuliwa, najua kwa kukigonga kwa ukucha. Vile vilikuwa vimefuliwa. Vyembamba, vyeupe, mifereji ina kona kali kana kwamba vimetoka kiwandani juzi. Nikavihesabu, vinane. Nikavihesabu tena kwa namba, tatu, nne, tano, mpaka kile cha kuchotea, hakuna pacha wala pengo. Nikaomba ruhusa ya kujaribu kimoja. Nikachuma tunda la ndulele kwenye ua, nikaiweka juu ya kichuguu kidogo, nikaipiga kwa namba saba. Mkononi sikusikia kitu. Wanaocheza wanajua maana yake: ukisikia mtikisiko, chuma ni kibaya au wewe ni mbaya, usiposikia kitu, wote wawili ni wazuri. Ile ndulele ilivuka ua, ikavuka njia, ikaangukia kwenye alizeti ya jirani.

Bei ya seti ile mjini, kwa mtu anayejua, ni ng'ombe wawili na ndama. Ningeitoa. Naapa kwamba asubuhi ile nilikuwa nayo mfukoni.

Lakini mtu ambaye hataji bei ni mtu hatari sokoni. Mwenye kutaja bei amekupa ngazi, unajua unashukia wapi. Huyu hakunipa ngazi. Nikadhani ni ujanja mkubwa kuliko wangu, mzee wa zamani aliyezoea matajiri, ananisubiri niropoke. Nikakunja uso, nikaanza kazi.

Nikaanza na harufu. Nikanusa mshiko wa namba nne, nikamuuliza kama mzungu alikuwa na kibanda cha chipsi. Nikasema mafuta ya alizeti yameingia kwenye chuma, hayatoki tena. Nikalenga mpini kwa jicho moja, nikaguna. Nikasema vyuma vyembamba hivi siku hizi havitakiwi, vimepitwa, hata vijana wa kuokota mipira wangevikataa. Nikasema mishiko imekufa. Nikatazama namba tisa muda mrefu bila kusema lolote, kisha nikairudisha taratibu juu ya jamvi, kama unavyomrudishia mtu picha ya mtoto wake mbaya wa sura. Huo ndio ufundi wangu wa juu kabisa, kunyamaza. Mjini hapo muuzaji huwa anaruka, anaapa kwa mama yake.

Mzee hakuruka. Alikuwa ananisikiliza kama anayesomewa majibu ya hospitali.

“Kwa hiyo yule bwana alinidanganya?” akauliza.

Pale palikuwa na mlango. Ningeweza kusema hapana mzee, bwana wako alikuwa mkweli, tuongee bei. Lakini nilikuwa nimeshapanda, na ulimi ulikuwa umeshachemka.

“Mzee wangu,” nikamwambia, “huyo alikuwa anapanda ndege. Ndege inatoza mizigo. Alitafuta mtu wa kumtupia chuma chakavu bila kulipia, akakuona wewe umeshazoea kubeba.”

Kule jikoni mkewe alicheka. Si kicheko kirefu. Kisha akasema kwa Kinyaturu, akidhani mtu wa mjini mwenye kofia haelewi, kwamba miaka kumi na minane mwanamume alikuwa punda, na siku ya malipo punda akapewa tandiko. Nilielewa kila neno. Lilikuwa limetungwa vizuri, nikalipenda, nikaona hata yeye ananisaidia kushusha bei.

Nikataja bei yangu: ya mbuzi mmoja, tena aliyekonda. Mzee akatazama vyuma, hakunitazama mimi. Nikaaga. Hapo napo pana utaratibu wake. Unatembea kuelekea pikipiki bila kugeuka, na kabla ya hatua ya kumi unaitwa. Kama bidhaa ni ngumu, unaitwa hatua ya kumi na tano. Nilitembea, nikahesabu mpaka thelathini na moja, nikafika kwenye pikipiki. Nikajifanya inakataa kuwaka. Nikaipiga kiki mara sita, nayo maskini ilikuwa nzima, iliwaka kila mara na mimi nikaizima. Hakuna aliyeniita.

Nikarudi mjini nikimsifu. Niliwaambia wenzangu kule uwandani kwamba Issuna nimekutana na mwanamume, muuzaji asiyepepesa jicho. Injinia akaniuliza kwa nini sikununua. Nikamwambia mali haikimbiliwi, inapozwa. Siku tatu, ikizidi nne. Akaniambia nibebe mfuko.

Jumamosi nikaenda na pesa ya ng'ombe wawili na ndama. Njiani nilikuwa najipanga. Ningeanza na mbuzi wawili, ningejifanya kuumia, ningefika ng'ombe mmoja, na mwisho ningempa yote bila kuombwa, ili anikumbuke. Nilikuwa nimeshauona uso wake akipokea. Nilikuwa nimejiandalia hata maneno ya ukarimu.

Jamvi lilikuwa limeanikwa mtama.

Nikaamkia, nikaitikiwa, mvua ikaulizwa tena. Nilipouliza vyuma, mzee akasema kwa utulivu kabisa kwamba alivipeleka kwa mhunzi Alhamisi asubuhi. Aliona haina maana kuendelea kupaka mafuta chuma chakavu wakati nyumba haina kisu. Mhunzi alikata mipini, akafua vichwa vinne vikawa visu vitatu na mundu mmoja, na vinne vilivyobaki akavichukua kuwa ujira. Nikahesabu. Vinne na vinne. Nikahesabu tena. Nikauliza kama vile vinne vya mhunzi bado vipo. Mkewe akasema vimeshakuwa patasi, fundi seremala kutoka barabarani alivinunua vikiwa bado vya moto, na mhunzi amesema hajawahi kushika chuma kitiifu namna ile, akiletewa kingine atafua bure.

Mzee akasikia hilo, akatikisa kichwa. Mhunzi naye, akasema, ni mtu wa kufariji watu.

Hapo nikakaa chini bila kukaribishwa. Nikafanya kitu ambacho sijawahi kukifanya sokoni. Nikamweleza mzee kila kitu. Nikamwambia siku ile sikusema kweli, kwamba huo ndio ununuzi wetu, tunakisema vibaya tunachokitaka. Nikamwambia vyuma vyake vilikuwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika, kwamba vilikuwa na thamani ya ng'ombe wawili na ndama, kwamba bwana wake hakumdanganya. Alimlipa, na alimlipa vizuri. Nilisema yote hayo bila mzaha hata mmoja, na nilijisikia jinsi ninavyoyumba, kama mtu anayetembea na kiatu kimoja.

Mzee aliniacha nimalize. Kisha akaniwekea mkono begani.

“Una moyo mzuri, mwanangu,” akasema. “Umetoka mjini na jua hili kuja kunipoza. Lakini usihangaike. Siku ile ulikuwa mtu wa kwanza kuniambia kweli, nilikushukuru, na leo nakushukuru tena.”

Nikamwambia sikuja kumpoza. Nikatoa pesa, nikaziweka juu ya goti langu azione. Mkewe alikuwa anapepeta mtama, hakuacha kupepeta.

“Kama vilikuwa ng'ombe wawili na ndama, ungeviacha?” akaniuliza. “Mtu wa duka haachi mali njiani. Wewe ulipanda pikipiki ukaenda. Sisi tulikutazama mpaka ukapotea.”

Nikatafuta jibu. Kila jibu nililolishika lilikuwa linaanza na mimi kuwa mwongo, na mwongo wa Jumatano hana namna ya kuwa shahidi wa Jumamosi. Nikamsukumia mzee zile pesa. Akazirudisha kwa vidole viwili, kwa heshima, akasema hana kitu cha kuniuzia na yeye si ombaomba. Nikazirudisha mfukoni. Zilikuwa nzito kuliko nilivyokuja nazo, na idadi ni ile ile.

Nilimuuliza, sijui kwa nini, kama kesho angeenda kanisani. Akasema ataenda. Akasema sala zake siku hizi zimekuwa fupi, kuna jina moja ameliondoa.

Nikasimama kuaga, akakataa. Mgeni aliyekuja mara mbili haondoki na tumbo tupu. Akamwita mkewe, wakamkamata jogoo mmoja mwekundu baada ya kumzungusha nyumba mara mbili, na mzee akanijia amemshika miguu. Wao ni Wakristo, na desturi ya huku kila mtu anaijua: mgeni Mwislamu kama mimi akiwepo, kuku anachinjwa na Mwislamu, ili wote wale. Jirani Mwislamu wa kuitwa hakuwepo.

“Chinja mwenyewe,” akaniambia, akanipa kisu.

Kilikuwa na mpini mpya wa mti, bado unanuka moshi. Mhunzi hakukisafisha sana. Karibu na mpini, palipokuwa na chapa ya namba, tarakimu saba ilibaki nusu, mgongo wake umelala. Nikaelekea kibla, nikamkanyaga jogoo mabawa, nikasema bismillahi, nikapitisha. Mara moja tu. Mkononi sikusikia kitu.

Mzee alikichukua kisu, akakifuta kwenye majani, akakijaribu makali kwa ukucha wa kidole gumba. Akanyanyua nyusi. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana ameridhika kidogo.

“Angalau kwa kuku kinafaa,” akasema, akampelekea mkewe.

Tulikula pamoja, ugali wa mtama na mchuzi, yeye akinisogezea firigisi ambayo kwa mila ni ya mwenye nyumba. Nikaila. Jumapili yake nilikuwa uwandani nyuma ya ziwa, nimebeba mfuko wa injinia kwenye bega la kushoto, na aliponiuliza habari za vyuma vya Issuna nikamwambia vilikuwa vibovu.